Mlango Wake, Sufuria ya Mamake

Nyumba za mwanzo ambazo utawala wa kikoloni uliwajengea Waafrika mashariki mwa Nairobi, yaani Eastlands, zilipimwa kwa vitanda. Aliyetakiwa mjini alikuwa mwanamume mwenye nguvu na kipande, kitambulisho cha kazi cha kikoloni, shingoni, naye alipewa pa kulaza ubavu katika chumba alichogawana na wenzake. Mke, watoto na wazee walitarajiwa kubaki mashambani. Ukipita Shauri Moyo, Ziwani au Bahati leo utaiona hesabu hiyo katika udogo wa vyumba. Kijana mwenye ulemavu wa akili, ambaye hakuna mwajiri angemwandika kazi, hakuwamo katika hesabu. Alibaki ushago na nyanyake, akichunga mbuzi na kuteka maji, akijulikana na kijiji kizima.

Familia zilipohamia mjini kwa wingi, naye akaja. Alikuta mtaa ambao haukujengwa kwa ajili yake, na tangu hapo jamaa zake wamekuwa wakiubomoa na kuuongeza ukuta kwa ukuta ili apate pa kukaa.

Naianza historia hapo kwa sababu mazungumzo kuhusu kujitegemea kwa watu wenye usonji, hali ya Down, mtindio wa ubongo na ulemavu mwingine wa ukuaji hufika kwetu yakiwa yamebeba historia ya watu wengine. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinatambua haki ya kila mtu mwenye ulemavu kuishi ndani ya jamii, akichagua kama wanavyochagua wengine aishi wapi na aishi na nani. Ni kifungu ninachokiunga mkono bila kusita. Lakini kilitokana na kilio maalumu, na usipokijua kilio hicho utakipeleka mitaa ya Eastlands kama Jericho au Kayole kikajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, huku swali lenyewe likibaki limekaa mlangoni.

Kilio chenyewe ni hiki. Mwaka 1972 mwandishi wa televisheni Geraldo Rivera aliingia na kamera katika Willowbrook, taasisi ya jimbo la New York iliyokusudiwa watu 4,000 na ambayo katika miaka ya 1960 ilikuwa imerundika zaidi ya 6,000. Wamarekani wakaona kwa macho yao watoto wenye ulemavu wa akili wakiwa uchi sakafuni, katika uchafu wao. Taasisi hiyo ilifungwa mwaka 1987. Skandinavia ilikuwa imetangulia kufikiri. Sheria ya Denmark ya 1959, ambayo Niels Erik Bank-Mikkelsen aliipigania, ilitaka maisha ya mtu mwenye ulemavu wa akili yakaribiane kadiri iwezekanavyo na maisha ya kawaida. Miaka kumi baadaye Mswidi Bengt Nirje akaieleza fikra hiyo kwa mdundo: mtu awe na siku kama siku za wengine, wiki kama wiki za wengine, na mwaka wenye sikukuu na mapumziko yake, alale mahali pamoja na akafanye kazi mahali pengine. Norwe ilianza mwaka 1991 kuzifunga taasisi zake na kuwakabidhi watu kwa manispaa. Uswidi ikatunga sheria inayofahamika kwa kifupi kama LSS, iliyoanza kutumika 1994, inayompa mtu mwenye ulemavu mkubwa wa ukuaji haki ya makazi, msaidizi wa kulipiwa, na hata mtu wa kumpitia jioni wakanywe kahawa ili asife kwa upweke.

Hilo la mwisho lichunguze vizuri. Katika mapokeo hayo, safari ya uhuru ilianzia getini. Mtu alitolewa katika jumba kubwa, akapewa fleti, akalipiwa wa kumsaidia. Kisha ikaonekana kwamba ndani ya fleti hiyo hakuna anayebisha hodi, ikabidi serikali ilipie na urafiki.

Sisi tulikuwa na Mathari. Ilifunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya wendawazimu ya Nairobi, na mpaka leo hospitali hiyo iko kando ya Barabara ya Thika, jirani kabisa na mabonde ya Mathare. Sheria ya kikoloni haikutofautisha sana kati ya mgonjwa wa akili na mtu aliyezaliwa na ulemavu wa akili, na kifungu cha 146 cha Kanuni ya Adhabu kilikaa miongo mingi kikiwaita watu hawa kwa maneno ambayo mzazi yeyote wa Eastlands angeyapigania. Hata hivyo, Mathari haikuwa Willowbrook kwa maana hii: watu wengi wenye ulemavu wa ukuaji hawakupelekwa huko. Walibaki nyumbani.

Kwa hiyo gereza la Eastlands, pale lilipo, ni chumba cha futi kumi kwa kumi, na mwenye ufunguo ni mama anayempenda aliye ndani. Anatoka alfajiri kwenda kuketi kando ya barabara Eastleigh akingoja kuitwa kufua nguo. Akimwacha mwanawe nje, kuna magari, kuna wahuni, kuna watu watakaomdhuru binti yake. Akienda naye, hapati kibarua. Anamwekea uji, anafunga kwa kufuli, anamwachia jirani namba ya simu. Wanaomhukumu mama huyo kwamba anamficha mtoto kwa aibu wana hakika kupita kiasi. Aibu ipo, na mahubiri ya laana yapo, nimeyasikia mwenyewe kwenye vipaza sauti vya makanisa ya mabati. Lakini mara nyingi kufuli ile ni hesabu ya shilingi na usalama.

Na bado huo ndio mtaa ambamo kijana mwingine mwenye ulemavu kama huo huo anaitwa kwa jina kuanzia kwa mama mboga hadi kwa kinyozi. Jumamosi yuko pembeni mwa uwanja wa Camp Toyoyo akishangilia mpira, Jumapili yuko kanisani safu ya mbele akipiga makofi nje ya mdundo bila mtu kumkemea, Desemba amepakiwa kwenye basi la kwenda mashambani na wenzake. Makanga anamjua, anamshusha stejini kwake hata akisahau. Kwa kipimo cha Nirje ana wiki na ana mwaka. Kile ambacho Uswidi inakilipia kwa kodi, yeye anakipata bure uani.

Hapa ndipo waandishi wengi wa kwetu husimama, wakasema utu wetu unatosha. Mimi sitaki kusimama hapo. Tumtazame kijana huyu kwa muda mrefu zaidi kidogo.

Katika mitaa ya Eastlands mtoto huanza kuhesabiwa siku anapotumwa. Kwanza anatumwa mlango wa pili kuomba kiberiti. Kisha anatumwa dukani na noti ya shilingi mia, arudi na unga na chenji. Baadaye anavushwa barabara, na mwishowe anapanda matatu peke yake hadi soko la Gikomba na kurudi. Hakuna aliyeiandika, lakini hiyo ni silabasi kamili: ndani yake mna pesa, njia, kumbukumbu, maongezi na uaminifu. Walimu wa elimu maalumu hufundisha stadi hizo hizo darasani kwa kadi na picha. Nimewaona wazazi waliofanya uamuzi wa kumtuma mtoto mwenye hali ya Down hatua kwa hatua, wakimpigia mwenye duka simu mapema, wakimfuata kwa mbali, mpaka akaizoea njia. Mwenye duka anakuwa mwalimu bila kuajiriwa. Sijui taasisi ya Ulaya inayoweza kununua kitu cha aina hiyo.

Lakini kuna jambo linaloniuma. Mtoto asiye na ulemavu hutumwa mpaka siku anapoanza kuwatuma wadogo zake. Yule mwingine hafiki siku hiyo. Ana miaka thelathini na mitano na bado anatumwa, sasa na watoto wa miaka minane. Anabeba mitungi ya maji ya ploti nzima kuanzia alfajiri na ujira wake ni sahani ya githeri na pongezi. Anatumwa na kila mtu, naye hamtumi yeyote. Anatafutiwa nguo, anaamuliwa chakula, anaambiwa wakati wa kulala. Akikasirika, wanasema kichwa kimemsumbua. Amejumuishwa, ndiyo. Ila amejumuishwa akiwa mtoto wa daima.

Mwanaanthropolojia Aud Talle wa Norwe aliwahi kuandika kuhusu ulemavu miongoni mwa Wamaasai wa Kenya, katika kitabu kilichohaririwa na Benedicte Ingstad na Susan Reynolds Whyte mwaka 1995. Alieleza jamii ambayo haikumficha mtoto mwenye ulemavu, ikamlea kwa usawa na ndugu zake, kwa kuwa mtoto ni mtoto. Utafiti huo ulikuwa wa maana kwa sababu wakati huo mashirika ya misaada yalipenda kuwachora Waafrika wote kama watu wa kufungia na kutupa. Ninapousoma nikiwa na Eastlands kichwani, nauliza swali la umri. Jamii zetu nyingi humtengeneza mtu mzima kwa hatua zinazoonekana: jando, rika, ndoa, nyumba. Usawa wa utotoni una thamani ndogo ikiwa lango la utu uzima limefungwa. Kijana anaweza kupelekwa kutahiriwa Desemba pamoja na wenzake, apone nao, aimbiwe nao. Januari wenzake wanaitwa wanaume. Yeye anarudi kuwa yule mtoto wa mama fulani.

Mapokeo ya Wajaluo yana kitu ambacho nadhani hatujakitumia ipasavyo. Mvulana akibalehe hulala nje ya nyumba ya mamake. Hujengewa, au hujijengea, simba: kijumba chake ndani ya boma la baba, upande wa lango. Ana mlango wake. Anaingia na kutoka, anapokea marafiki, anapanga vitu vyake anavyotaka. Lakini hapiki. Chakula kinatoka jikoni kwa mamake, na boma zima linajua kama amelala au hajarudi. Baadaye sana ndipo atatoka kwenda kuanzisha boma lake.

Nazungumzia simba kwa sababu mabishano yetu kuhusu kujitegemea yamekwama kati ya picha mbili tu. Ya kwanza ni mtu anayeishi peke yake katika fleti na msaidizi wa kulipwa, jambo ambalo Nairobi hata vijana wengi wasio na ulemavu hawalimudu. Ya pili ni mtu mzima anayelala chini ya kitanda cha mamake milele. Simba ni picha ya tatu, ya kwetu, na ina mpangilio unaoeleweka hata na mzee ambaye hajawahi kusikia habari za mkataba wowote: mlango ni wa kijana, sufuria ni ya pamoja.

Na Eastlands tayari imeijenga. Kaloleni, Makongeni na Jericho zilipokea vizazi vya Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba waliofika kufanya kazi reli, posta na baraza la jiji. Nyumba zilipojaa, waliongeza vyumba vya mabati na mawe kwenye viwanja vya mbele na vya nyuma. Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wa tabaka la kati, na Umoja iliyofadhiliwa na Marekani, zote zimefanya hivyo. Siku hizi ni vigumu kuiona nyumba ya awali nyuma ya ekstensheni. Wapangaji miji wanaziita ukiukaji wa mipango. Kwa familia, chumba kile kilikuwa simba. Kijana wa kwanza alikipata, akaoa, akahama. Wa pili akakipata.

Swali langu kwa familia ni la moja kwa moja. Zamu ya yule mwenye usonji ilipofika, mbona chumba kilipewa mpangaji? Najua jibu: kodi inalipa karo ya wadogo zake, na tena anaweza kujichoma na jiko. Yote mawili ni kweli. Lakini hatari ya jiko ndiyo hasa ambayo mpangilio wa simba uliitatua zamani, kwa kuliacha jiko kwa mama. Anachohitaji mtu huyu ni kitasa anachokifunga mwenyewe, rafu ya vitu vyake, na haki ya kutotaka wageni leo. Mengine yataendelea kutoka nyumba kubwa.

Kuna mji mmoja Ubelgiji uitwao Geel ambao tangu Enzi za Kati umekuwa ukiwapokea majumbani watu wenye maradhi ya akili na ulemavu wa akili, kwanza wakiwa mahujaji wa Mtakatifu Dymphna, baadaye wakiwa wageni wa kudumu wa familia za wakulima. Mwaka 1938 walikuwa zaidi ya 3,700. Wanakula mezani na wenye nyumba, wanasaidia kazi, wanakaa mikahawani, na mji mzima umezoea. Wageni wanaoitembelea Geel huondoka wakisifu ukarimu. Mimi ninachokisifu zaidi ni mpangilio wake: nyuma ya kila familia pana hospitali inayofuatilia, muuguzi anayepita, kitanda cha dharura hali ikichafuka, na malipo kwa kaya. Hata hivyo idadi imeshuka sana kadiri kilimo kilivyopungua na wanawake walivyoanza kufanya kazi nje ya nyumba. Yaani hata Geel, yenye karne nyingi za mazoea, ilikuwa imekalia mgongo wa mwanamke aliye nyumbani mchana.

Mwanamke wa Eastlands hayuko nyumbani mchana. Na kinachosimama nyuma yake ni kidogo. Mpango wa Inua Jamii huipa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, ikiwa kaya hiyo imebahatika kuandikishwa na pesa zisichelewe. Kiasi hicho hakimlipi hata msichana wa kumshika mtoto asubuhi. Vituo vya kuwatathmini watoto vilianzishwa nchini tangu 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya tangu 1986, kwa hiyo si kweli kwamba serikali haikufanya lolote. Lakini karibu kila kilichopo kinaishia na utoto. Kitengo cha watoto wenye usonji katika Shule ya Msingi ya City, upande wa Ngara, kilianza mwaka 2003 kwa juhudi za wazazi wa Chama cha Usonji Kenya. Wakiwa na miaka minane wana mwalimu. Wakiwa na miaka ishirini na minane wana dirisha la kuchungulia.

Suala la pesa ndilo lililonipeleka Majengo, Pumwani, kuutazama utamaduni mwingine ambao haukutoka Ulaya. Nyumba za Kiswahili za Majengo zilikuwa na ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na uani nyuma. Anayepita lazima apite mbele ya macho ya wengine, na wengi wa waliozimiliki tangu zamani walikuwa wanawake waliowakusanya ndugu, wapangaji na wasiojiweza chini ya paa moja. Lakini kilichonivuta zaidi ni fikihi. Sheria ya Kiislamu inamtambua mtu ambaye hawezi kuisimamia mali yake, na Sura ya An-Nisaa inaagiza asiachiwe mali aiharibu. Mara nyingi watu huishia hapo. Agizo linaendelea: alishwe na avikwe kutokana na mali hiyo, na asemezwe maneno mema. Wanazuoni wakajenga juu yake mlango mzima wa hajri, yaani kuzuiwa kufanya miamala, na walii anayesimamia kwa niaba. Mambo mawili hayaguswi. Mali inabaki yake. Na fungu lake la mirathi halipunguzwi hata thumni moja kwa sababu ya akili yake. Kadhi akigawa, anamgawia kama ndugu zake.

Ukilinganisha na yanayotendeka katika familia nyingi za Eastlands, za dini zote, tofauti inasikitisha. Baba akifa, mali inagawanywa kwa wale waliokaa kikaoni, na sehemu ya yule mwingine ni ahadi kwamba dada mkubwa atamwangalia. Ahadi ya mdomo tu. Fikihi ilijua zaidi ya karne kumi na tatu zilizopita kwamba kumwangalia mtu na kumhifadhia mali yake ni vitu viwili.

Hata hivyo hajri ina mpaka wake, na hapa nasimama na ule Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Kifungu cha 12 kinasema mtu mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na wajibu wa dola ni kumpa msaada wa kuutumia. Msaidizi anaeleza, anasoma, anangoja, anatafsiri ishara. Uamuzi unabaki wa mhusika. Peru ilibadilisha sheria yake mwaka 2018 kufuata msingi huo, Colombia ikafuata 2019, na kuondoa usimamizi wa mtu mzima mwenye ulemavu kana kwamba ni mtoto. Kenya bado inayumba kati ya nyumba mbili. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inamhakikishia mtu mwenye ulemavu heshima, lakini Ibara ya 83 inamnyima kura aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotiwa saini Mei 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 2003, imepanua haki nyingi kwenye karatasi. Uani hajafika nayo mtu.

Sababu mojawapo ni kwamba vyama vyetu vilianzishwa na wazazi, na wazazi ndio waliozoea kusema. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Bila wao kusingekuwa na darasa hata moja. Chama cha Kenya cha watu wenye ulemavu wa akili, KSMH, kiliundwa mwaka 1971, na Zanzibar wazazi waliunda jumuiya yao, ZAPDD, ambayo ilishirikiana kwa miaka na chama cha wenzao wa Norwe. Mapokeo mengine, ya watu kujisemea wenyewe, yalianzia Salem, Oregon, mwaka 1974, watu wenye ulemavu wa akili walipokutana wenyewe na kuanzisha chama cha People First, kwa sababu walichoka kusemewa hata na waliowapenda. Nairobi nayo imeanza kuisikia sauti hiyo: ndani ya KAIH, chama cha watu wenye ulemavu wa akili na familia zao, wanachama wenyewe husimama kuzungumza mbele ya wabunge na majaji. Nimeona jinsi chumba kinavyobadilika mtu anayezungumza polepole anapopewa muda wake wote.

Eastlands ina vyombo ambavyo vingeweza kuufanya msaada huo wa kuamua kuwa wa kawaida. Chama cha kuweka na kukopa cha akina mama kinaweza kumwandikisha mwanachama mwenye ulemavu wa akili kwa jina lake, achange shilingi hamsini za mitungi yake ya maji, na zamu yake ikifika aulizwe yeye anunue nini. Laini ya simu inaweza kusajiliwa kwa kitambulisho chake badala ya cha kaka. Watu wawili anaowaamini wanajua pesa zilizoingia, na kwa kiasi kidogo anajitolea mwenyewe. Atakosea. Atanunua soda tatu na kulala bila viazi. Ndugu zake pia hukosea, tena kwa pesa nyingi zaidi, na hakuna anayewanyang'anya kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna kitu. Na bado kuna familia ambazo hazijamchukulia mtu wa miaka arobaini kitambulisho kwa kuwa hazioni atakitumia wapi.

Ninaona haraka katika jambo hili kwa sababu uani wenyewe unatoweka. Pipeline na Huruma zimejengwa kwenda juu, vyumba vya mtu mmoja vikitazamana katika korido za giza. Geti lina mlinzi ambaye hubadilishwa kila mara. Mwenye duka la chini hajui ni mtoto wa ghorofa gani. Mpango wa Nyumba Kumi, ambao Kenya iliuazima Tanzania na kuutangaza mwaka 2013, ulikusudiwa kurudisha kujuana, lakini Tanzania balozi wa nyumba kumi alikuwa kiungo cha kila jambo, na huku kwetu umebaki zaidi kuwa jambo la usalama na polisi. Kijana aliyetumwa dukani kwa miaka kumi Maringo, akihamishiwa ghorofa ya sita Pipeline, anarudi mwanzo. Njia ni mpya, macho ni mageni, ngazi ni nyingi. Mama anarudi kwenye kufuli.

Na sasa serikali ya kaunti imetaja Bahati, Maringo, Jericho, Lumumba, Ziwani na mitaa mingine miongoni mwa itakayobomolewa na kujengwa upya kwa maghorofa, kama ilivyofanyika Pangani. Wapangaji wa zamani wanaahidiwa nafasi. Nafasi hutolewa kwa daftari, na daftari linafuata jina lililo kwenye nyumba, ambalo mara nyingi ni la baba au mama aliyepanga miongo mingi iliyopita. Ndugu wenye kazi watajitokeza na karatasi zao. Yule wa ekstensheni, ikiwa alipata ekstensheni, hahesabiwi na mtu, kwa kuwa chumba chake hakimo katika ramani ya kaunti.

Kabla ya kuorodheshwa, kila kaya yenye mtu mzima wa aina hii ina kazi tatu za kufanya na zote zinawezekana mwaka huu: kumchukulia kitambulisho, kumsajili katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na kuliweka jina lake kwenye karatasi za nyumba akiwa mkazi mwenye haki, si mzigo wa mkazi. Siku ya kujaza fomu aende yeye, na nduguye mmoja na jirani mmoja wa kumsomea. Karani akimgeukia ndugu na kuuliza huyu anataka ghorofa ya ngapi, ndugu amrudishie swali mwenyewe, kisha wote wangoje ajibu.